Mkono unaotupa karanga: zoo, wageni wake na sisi Wakongomani

Mtoto wa yaya yangu ana miaka saba. Jumapili moja ya wakati wa baridi tulitoka naye Bel-Air, hapa Kampemba, tukapanda basi hadi mjini, tukaingia zoo. Njiani nilimnunulia karanga za kukaanga. Alikula chache tu, zingine akazishika mkononi. Kumbe alikuwa na mpango wake. Tulipofika kwa sokwe (huku kwetu wengi wanamwita sokomutu), mmoja wao akatunyooshea mkono kutoka ng'ambo ya uzio, kiganja juu, kama mtu anayeomba. Mtoto akaniambia: "Tonton, tumupatie, iko na njala."

Nikamshika mkono. Akakasirika. Familia iliyosimama karibu nasi ilikuwa inatupa biskwiti, na hakuna aliyeikataza. Mtoto alikuwa na haki ya kuniuliza kwa nini sisi ndio wachoyo.

Nikiri kwanza: nilipokuwa sekondari na mimi nilitupa. Tulitupa karanga, maganda ya ndizi, hata kokoto kwenye mgongo wa mamba ili tujue kama yuko hai ao amekufa. Tulicheka sana mamba alipofungua kinywa. Sikuwahi kufikiri kwamba ule mchezo wa kutupa una historia, tena historia inayotuhusu sisi Wakongomani kuliko watu wengi duniani. Nimeijua nikiwa tayari kwenye kazi hii ya redio, na ndiyo ninayotaka kuwaandikia leo.

Zoo kama tunayoijua ni kitu cha Wazungu wa karne ya 19. Ile ya Antwerp, Ubelgiji, ilifunguliwa mwaka 1843. Kongo ilipokuwa mali ya mfalme Léopold II, kisha koloni ya Ubelgiji kuanzia 1908, misitu yetu ikawa ghala yao. Mnyama waliyemtamani zaidi alikuwa okapi, kwa sababu haishi porini mahali pengine popote isipokuwa kwetu. Okapi wa kwanza alifika Antwerp akiwa hai mwaka 1919. Watu walikwenda kumwona wakishangaa. Hakumaliza hata miezi miwili, akafa. Wengine wakapelekwa nyuma yake, maana mgeni wa zoo hataki kuona kizimba kitupu.

Lakini kabla ya okapi huyo, Ubelgiji ilikuwa imeshaleta watu.

Mwaka 1897, kwa maonyesho makubwa ya Brussels, Léopold II aliamuru Wakongomani 267 wasafirishwe hadi Tervuren: wanaume, wanawake na watoto. Walijengewa vijiji vya nyasi ndani ya bustani ya mfalme. Mchana walipaswa kupiga ngoma, kupika, kuendesha mitumbwi kwenye ziwa, na umati ukiwatazama kutoka upande wa pili wa uzio. Zaidi ya watu milioni moja walipita pale wakati wa kiangazi kile. Wageni wakaanza kuwatupia peremende na vyakula. Watu wakaugua matumbo. Ndipo wasimamizi wakaweka kibao cha kuwajulisha wageni kwamba watu hao weusi wanalishwa na kamati, kwa hiyo wasiwape chakula.

Someni tena kibao hicho polepole. Hakikusema kwamba ni aibu kumtupia mwenzako chakula. Kilisema tu kwamba tayari kuna mwenye kazi ya kumlisha.

Saba kati yao hawakurudi. Mvua na baridi ya nchi ile viliwaua. Majina yao yako kwenye makaburi kando ya kanisa la Tervuren: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Sisi tulioenda shule hapa tulikariri majina ya magavana na ya wafalme wa Ubelgiji. Hayo saba sikuyasikia darasani hata siku moja.

Miaka tisa baadaye, mwezi wa tisa 1906, kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa kwenye nyumba ya nyani ya zoo ya Bronx, New York, pamoja na orangutani. Alikuwa amepelekwa Marekani mwaka 1904 na Samuel Verner, aliyemchukua kwa ajili ya maonyesho ya St. Louis. Umati ulijaa pale Bronx. Walimcheka, walimfuata, walimsukuma. Wachungaji weusi wa New York, wakiongozwa na James Gordon, ndio waliosimama wakasema haiwezekani, hadi akatolewa. Ila hakufanikiwa kurudi nyumbani. Alijiua mwaka 1916 huko Virginia. Shirika linalosimamia zoo hiyo liliomba msamaha mwaka 2020, yaani baada ya miaka 114.

Na kama mtu atadhani hayo ni mambo ya zamani za mababu, mwaka 1958, miaka miwili tu kabla ya uhuru wetu, kwenye maonyesho mengine ya Brussels kulikuwa tena na kijiji cha Wakongomani. Mafundi wetu walikaa ndani wakifanya kazi zao za mikono, wageni wakasimama nje. Wageni wale wakawatupia ndizi. Safari hii Wakongomani wenyewe walikataa: waliacha kazi wakaondoka, kijiji kikabaki bila watu.

Nisieleweke vibaya. Simlinganishi Ota Benga na sokwe, na msomaji atakayesema hivyo hatakuwa amenisoma. Ninachofuata katika historia hii ni yule aliye nje ya uzio. Mkono wake haujabadilika. Anataka aliye ndani afanye kitu: aruke, acheke, aombe, angalau ageuke amwangalie. Akitupa chakula anajiona mwema, na kwa kweli anajilipia onyesho.

Turudi kwetu. Zoo ya Lubumbashi ni urithi wa Wabelgiji, tangu mji ulipoitwa Élisabethville. Iliona secession ya mwaka 1960 hadi 1963, ikaona mji ukibadilishwa jina mwaka 1966, ikaona Gécamines ikipanda na ikianguka. Miaka ya 1990, baada ya ule uporaji wa mwaka 1991 na mishahara iliyokuwa haifiki, vitu vyote vya Serikali vilidhoofika, na zoo pia. Mtu ambaye watoto wake wanalala bila bukari huwezi kumwambia habari za nyama ya simba. Katika miaka ya 2000 zoo ilirekebishwa kwa msaada wa makampuni na watu wa hapa hapa, na familia zikaanza tena kwenda siku ya Jumapili.

Kinshasa hali ilikuwa ileile. Mwaka 1993, katika zoo ya mji mkuu ambamo wanyama walikuwa wanakufa kwa njaa, mama mmoja aitwaye Claudine André alikutana na bonobo mdogo mgonjwa, Mikeno. Walimwambia asijisumbue, bonobo hawaishi wakifungwa. Akajisumbua. Kutokana na yule mmoja ilizaliwa Lola ya Bonobo, ambayo tangu 2002 iko kwenye maporomoko madogo ya Lukaya, nje ya Kinshasa, na mwaka 2009 bonobo wa kwanza kutoka pale walirudishwa msituni kule Équateur. Mimi huona kwamba hapo ndipo Wakongomani tulianza kuwa na jibu letu wenyewe kwa swali la zoo: mahali pa kumponya mnyama, si mahali pa kumwonyesha tu.

Lubumbashi ilipata jibu lake mwaka 2006, Franck na Roxane Chantereau walipoanzisha J.A.C.K., makimbilio ya sokwe yatima, ndani ya uwanja wa zoo yetu. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yanayomaanisha wanyama wadogo walionyang'anywa wafanyabiashara hapa Katanga. Hakuna sokwe mtoto anayefika sokoni kwa hiari. Mtoto wa sokwe hushikamana na mama yake miaka mitano hivi, na mama hamwachi. Ili kumpata mdogo, mwindaji humuua mama, na mara nyingi na wengine wanaokuja kumtetea. Kwa hiyo kila sokwe unayemwona pale akichezea tairi ni mfiwa. Sheria iko: ya uwindaji ya mwaka 1982, kisha ile ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira. Kumkamata, kumuuza ao kumweka nyumbani ni kosa. Biashara inaendelea hata hivyo, kwa sababu nje kuna wenye pesa wanaotaka sokwe aliyevalishwa nguo ili wapige naye picha. Ni mgeni wa zoo yuleyule, ila huyu zoo yake iko nyumbani.

Halafu ikaja tarehe 9 mwezi wa tisa 2022. Usiku watu waliingia J.A.C.K. wakaiba sokwe watoto watatu: César, Hussein na Monga. Wengine wawili walikutwa wamejificha jikoni. Baada ya saa chache Roxane akapokea video ya wale watatu kwenye simu, na dai la pesa nyingi, pamoja na vitisho juu ya watoto wake mwenyewe. Wataalamu wa sokwe walisema hawajawahi kusikia nyani akitekwa ili kudai fidia. Wizara ya Mazingira ilikataa kulipa, na wenye makimbilio walikataa pia: ukilipa mara moja, kesho watakuja kwa wote waliobaki. Miezi ilipita na wale watatu hawakurudi. Sisi waandishi wa habari tulipiga kelele wiki mbili, kisha tukahamia habari nyingine. Najua kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Kuna jambo ambalo lingenisaidia nikiwa kijana kama mtu angeniambia. Sokwe ni ndugu wa karibu sana wa mwili wetu, na magonjwa yetu yanampata: mafua, kikohozi, kifua kikuu. Biskwiti uliyoimega kwa meno kisha ukaitupa inaweza kubeba ugonjwa ambao wewe utaumaliza kwa siku tatu na yeye utamwua. Na si sokwe tu. Mwezi wa nne 2020, katika zoo ileile ya Bronx ambamo Ota Benga alifungiwa, chui milia mmoja alikutwa na Covid, na waliomchunguza walisema huenda aliipata kwa mtumishi aliyekuwa anamlisha. Huyo alikuwa mtu wa kazi, mwenye mafunzo. Fikirini sisi mia tano wa Jumapili, na watoto wenye kamasi.

Isitoshe, mnyama aliyezoea kutupiwa anaacha mambo mengine yote. Hapandi, hachimbi, hachezi na wenzake. Anakaa penye watu ananyoosha mkono. Wengine wanatikisa mwili mbele na nyuma saa nzima, na sisi tunasema anacheza ngoma. Hachezi ngoma. Ni uchovu wa akili.

Nilijaribu kumweleza mtoto haya yote kwa maneno ya miaka saba. Alinisikiliza nusu. Kisha akauliza kama yule aliyenyoosha mkono ana jina. Nikamwambia wote wana majina, na wanaowatunza wanawaita kwa hayo. Akaniuliza wale walioibiwa kama majina yao bado ni yaleyale huko waliko. Sikuwa na jibu. Karanga zake alizila ndani ya basi, zote, kabla hatujafika Bel-Air.

Mwisho wa mwaka wa masomo unakaribia, na shule nyingi za Bel-Air, Bongonga na Kafubu hupeleka wanafunzi zoo wakati huo. Walimu, nitakuwa mlangoni na maikrofoni. Swali langu litakuwa moja tu: kabla ya kuwapandisha watoto basi, mmewaambia nini?