Wazazi wa Taita Taveta na Ukaazi wa Kudumu Ughaibuni

Haki ya mtoto aliye mtu mzima kumwombea mzazi wake ukaazi wa kudumu Marekani ilipata sura yake ya leo katika sheria ya uhamiaji ya 1965, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson. Mzazi wa raia aliyetimiza miaka 21 aliwekwa nje ya idadi ya viza zinazogawiwa kila mwaka, hivyo hapangi foleni ya kungoja nafasi. Sharti kubwa ni kwamba mtoto awe raia. Mwenye kadi ya ukaazi anaweza kumwombea mke wake, lakini hawezi kumwombea mama yake.

Kwa familia za Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, sharti hilo liligongana na katiba ya Kenya. Katiba ya uhuru haikumruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Bahati nasibu ya viza, iliyoanza kutumika 1995, iliwapeleka Wakenya wengi Marekani, na kwa kawaida baada ya miaka mitano ya ukaazi waliweza kuomba uraia. Aliyekula kiapo aliupoteza uraia wa Kenya: ili amchukue mzazi, ilimbidi awe mgeni katika nchi ya mzazi huyohuyo. Ni Katiba ya 2010 iliyoufungua mkwamo huo. Mzaliwa wa Kenya hapotezi tena uraia kwa kupata mwingine, na waliokwisha kuupoteza wanaweza kuomba warudishiwe.

Upande wa karatasi ulikuwa mgumu zaidi. Usajili wa lazima wa vizazi na vifo ulisambazwa wilaya kwa wilaya baada ya uhuru, ukaenea nchi nzima kufikia 1971. Aliyezaliwa nyumbani milimani kabla ya hapo mara nyingi hakuwa na cheti, na cheti kinachohitajika zaidi ni cha mtoto mwombaji, kwa kuwa ndicho kinachomtaja mama. Kilichokuwapo ni daftari za makanisa. Mmisionari J. A. Wray wa Kianglikana alifika Sagalla 1883, na misheni ya Kikatoliki ya Bura ilianza 1892. Ubatizo uliandikwa Taita miongo mingi kabla ya serikali kuandika kila mtoto. Maafisa wa viza hupokea cheti cha ubatizo, rekodi za shule na hati za kiapo pale cheti cha kuzaliwa kinapokosekana, na wasiporidhika hupendekeza kipimo cha DNA.

Baba alikuwa na mzigo wa ziada. Kumthibitisha mama, cheti cha mtoto kinatosha. Kumthibitisha baba, kwa kawaida ushahidi wa ndoa ya wazazi nao hutakiwa. Waliofunga kanisani walikuwa na cheti. Waliooana kimila, mahari ikatolewa mbele ya wazee, ndoa yao ilikuwa halali bila karatasi yoyote, mpaka Sheria ya Ndoa ya 2014 ilipoagiza ndoa za kimila zisajiliwe. Wazee wenye wajukuu wakajikuta wakisajili ndoa ya nusu karne.

Tangu sheria ya 1996, mtoto pia husaini ahadi ya kumtunza mzazi, akionyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango rasmi cha umaskini. Usaili hufanyika Nairobi, safari ambayo tangu 2017 wengi wa Voi huweza kuifanya kwa treni ya SGR.

Kadi ikishapatikana, mzazi anayekaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea huhatarisha ukaazi wake. Sharti hilo haliendani na mzee mwenye shamba Wundanyi, na kwake viza ya matembezi huenda ikafaa zaidi. Kanada ilikubali mantiki hiyo Desemba 2011 kwa kuanzisha viza maalumu ya wazazi na mababu, ambayo tangu Julai 2022 humruhusu mgeni kukaa hadi miaka 5 kwa kuingia mara moja. Uingereza ilifanya kinyume: tangu Julai 2012 mzazi hukubaliwa tu akihitaji matunzo ya kila siku yasiyopatikana kwao.