Alitolewa Kwenye Kifusi Akiongea

Wasee, leo nawapa historia ya mkojo mweusi. Msicheke.

Nilipoacha chuo niliingia mjengo hapa Ruiru, upande wa Kamakis. Siku moja ukuta ukamwangukia mzee mmoja, fundi wa mawe. Mapaja yake yalibanwa kwa saa kama nne. Tukamtoa akiongea, hata akasema, "Vijana, nileteeni chai." Tukapiga makofi. Kesho yake mkojo ulikuwa rangi ya strungi. Siku ya tatu haukutoka kabisa.

Kumbe hii kitu iliandikwa zamani. Mwaka wa 1941, London ikiwa imepigwa mabomu na Wajerumani, daktari Eric Bywaters na mwenzake Desmond Beall waliandika kuhusu wagonjwa wanne waliofukuliwa vifusini. Walifika hospitalini wakionekana wako sawa. Halafu figo zikagoma, na wote wakafa.

Iko hivi: msuli ukibanwa muda mrefu unakufa. Uzito ukiwa bado juu, uchafu wake umefungiwa humo. Inua jiwe, damu inarudi mguuni na kuubeba wote: potasiamu, ambayo inaweza kusimamisha moyo papo hapo, na mayoglobini, ile rangi nyekundu ya nyama, ambayo inaziba figo. Ndiyo maana waokoaji waliofunzwa humwekea mtu maji ya chumvi kwenye mshipa akiwa bado chini ya zege. Sisi tulivuta tu.

Na Kenya si wageni wa vifusi. Agosti 7, 1998, bomu la ubalozi wa Marekani liliangusha Ufundi House na kuua watu 213 jijini. Aprili 29, 2016, ghorofa ikaanguka Huruma usiku wa mvua. Siku ya sita bado watu wanne walitolewa wakiwa hai. Taifa likashangilia, kamera zikaondoka. Tunajua kuhesabu waliokufa na waliookolewa. Figo je, nani amewahi kuzihesabu? Kwa maoni yangu, historia yetu ya majengo imeandikwa nusu, ikaishia pale makofi yanapoanza.

Mzee wetu alisafishwa damu kwa mashine karibu mwezi mzima hadi figo zikaamka. Familia iliuza ng'ombe wawili. Siku hizi anachoma mahindi kando ya bypass, hainui kitu kizito.

Ile nyumba ilifika ghorofa ya saba. Wapangaji wameshaingia.