Ini la Mtu Mwingine

Msomaji wangu, mche wa mpunga ukihamishwa kutoka kitaluni, udongo mpya huupokea. Mwili wa mtu sivyo: kiungo kigeni hukipiga vita mpaka kife. Hayo aliyajua Thomas Starzl, mpasuaji wa Marekani, aliposhika kisu mjini Denver tarehe 1 Machi 1963 ili kumpandikizia mtoto wa miaka mitatu ini la marehemu.

Mtoto yule alizaliwa na kasoro katika mifereji ya nyongo, na ini lake lilikuwa limeharibika. Ini ndilo litengenezalo vitu vya kugandisha damu. Basi damu ilimwagika isizuilike, akafa palepale mezani. Wenziwe wa mwaka ule walimfuata. Hapana aliyetimiza mwezi. Starzl angaliweza kunyamaza. Lakini kabla mwaka haujaisha alichapisha habari za wale wa kwanza katika jarida la wapasuaji, akieleza walivyokufa, kisha akaiacha kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Je, alikuwa na haki ya kujaribu? Swali hilo si la kipuuzi. Nionavyo, kuficha kungaliua wengi zaidi, kwa maana kila mpasuaji angaliianza njia ile ile gizani.

Julai 1967 mtoto wa kike mwenye saratani ya ini alipandikizwa, akaishi zaidi ya mwaka. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 wagonjwa wengi hawakuumaliza mwaka wa kwanza. Dawa ya siklosporini, aliyoanza kuitumia 1980, iliutuliza ule ugomvi wa mwili, na mwaka 1983 wataalamu walioitwa na serikali ya Marekani wakakiri kwamba hii ni tiba, si jaribio tena.