Tambara la jikoni linanuka hata baada ya kufuliwa: sababu na namna ya kuondoa harufu

Tambara limefuliwa jana kwa sabuni, likaanikwa na kukauka. Asubuhi unalilowesha ili ufute meza, na uvundo uleule unarudi. Tatizo hili linajulikana katika nyumba nyingi za Mbinga na Nyasa, hasa wakati wa mvua kati ya Novemba na Aprili, na tena Juni na Julai milimani kunapokuwa na baridi na ukungu. Wengi huongeza sabuni ya kunukia, lakini hiyo huificha harufu kwa saa chache tu. Makala haya yanaeleza harufu hiyo inatoka wapi, na namna ya kuiondoa kwa vitu vinavyopatikana nyumbani.

Harufu inatoka wapi?

Kila unapofuta meza au sufuria, nyuzi za kitambaa hushika mafuta na mabaki ya chakula. Kitambaa kikikaa kibichi, bakteria hula mabaki hayo, huzaliana na kutoa kemikali zinazonuka.

Mwaka 2012 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa mmoja wa wahusika wakuu wa harufu ya nguo zilizokaushwa ndani ni bakteria aitwaye Moraxella osloensis. Waligundua pia kwamba bakteria huyu huvumilia sana ukavu na miale ya jua. Ndiyo maana jua peke yake halitoshi. Kitambaa kikikauka, bakteria waliobaki hutulia bila kufa, na kikilowa tena huanza kazi upya.

Je, ni harufu tu?

Hapana. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mauritius walitoa matokeo ya uchunguzi wa taulo 100 za jikoni zilizotumika kwa mwezi mmoja. Taulo 49 ziliotesha bakteria, wakiwemo wanaotoka kwenye kinyesi na wanaoweza kuchafua chakula. Taulo zilizotumika kwa kazi nyingi tofauti, na zile zilizokaa mbichi, zilikuwa na bakteria wengi zaidi.

Kwa hiyo tambara linalonuka linapopita kwenye sahani ya mtoto, linaweza kuacha vijidudu vya kuharisha pale ambapo mama anaamini amesafisha. Harufu ni onyo kwamba hali hiyo ipo.

Tambua aina ya harufu kwanza

Harufu ya samaki: Ni ya kawaida kwa wanaotengeneza dagaa na samaki wa Ziwa Nyasa. Kemikali yake huvunjwa nguvu na tindikali. Suuza kitambaa kwa maji baridi, kisha kiloweke nusu saa katika maji yaliyokamuliwa ndimu au limau mbili, au yaliyotiwa siki kidogo. Usianze na maji ya majivu, kwani huiachia harufu ya samaki kwa nguvu zaidi.

Harufu ya mafuta yaliyochacha: Hapa majivu ya kuni yanafaa. Chekecha majivu meupe, tia viganja viwili katika nusu ndoo ya maji, koroga, yaache yatulie, kisha mimina maji ya juu yaliyo safi. Loweka kitambaa saa moja. Maji hayo huchuna ngozi, hivyo usiyashike muda mrefu na usiyaache karibu na watoto.

Uvundo wa kitambaa kilichokaa kibichi: Huu ni wa bakteria, na dawa yake kubwa ni moto.

Tambara lenye mafuta ya taa au petroli halichemshwi wala halikaushwi karibu na moto. Linaweza kuwaka. Litenge na yale ya jikoni.

Hatua za kuondoa uvundo

1. Fua kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, ukisugua mpaka utelezi wa mafuta uishe. Kuchemsha kitambaa chenye mafuta hueneza mafuta hayo kwenye nyuzi zote.

2. Suuza mara mbili au tatu. Sabuni inayobaki huganda kwenye nyuzi na kushika uchafu mpya.

3. Chemsha katika sufuria ambayo haipikiwi chakula. Maji yafunike kitambaa chote, na yaendelee kutokota dakika 15. Milimani maji hutokota kabla ya kufika nyuzi joto 100. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 ni kama nyuzi 95. Joto hilo bado linatosha kuua bakteria wa kawaida wa jikoni.

4. Kamua kwa nguvu, kisha anika mara moja. Kitambaa kilichochemshwa kikiachwa kwenye beseni usiku kucha, uvundo huanza tena.

Vitambaa vya pamba, kama vipande vya khanga au taulo kuukuu, huvumilia kuchemshwa. Fulana za nailoni na poliesta hushika mafuta zaidi na huharibika kwa joto kali, hivyo hazifai sana kwa matambara ya jikoni.

Ukitumia Jiki

Jiki huua bakteria, lakini nguvu yake huisha haraka ikikutana na uchafu. Fua na usuuze kwanza, kisha loweka kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Usichanganye kamwe Jiki na siki, ndimu au dawa ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu inayodhuru mapafu. Kitambaa kilicholowekwa kwenye ndimu kisuuzwe vizuri kabla ya kugusa Jiki.

Kukausha wakati wa mvua

Hii ndiyo hatua ngumu zaidi. Tandaza kitambaa kwenye kamba bila kukikunja, chini ya upenu ambako upepo unapita. Usikirundike juu ya ndoo wala kukibana nyuma ya bomba. Mahali pa joto karibu na jiko hufaa, mradi kiwe mbali na miali ya moto na moshi. Pasi ya mkaa hukausha na kuua bakteria kwa pamoja. Jua likitoka, toa vyote nje, kwani jua halimalizi kazi peke yake lakini hukausha haraka, na bakteria bila maji hawazaliani.

Kuzuia usirudi

Tenga kitambaa cha vyombo, cha meza, cha mikono na cha kudekia. Rangi tofauti husaidia watoto wasikosee. Kuwa na viwili au vitatu vya kila kazi, ili kimoja kitumike wakati kingine kinakauka. Cha vyombo kibadilishwe kila siku, na vyote vichemshwe angalau mara moja kwa wiki. Kilichogusa damu ya nyama au matumbo ya samaki kisirudi kwenye sahani kabla ya kuchemshwa.

Kitambaa kilichochemshwa mara mbili na kukauka vizuri, lakini bado kinanuka kikilowa, nyuzi zake zimeshachoka. Kitoe jikoni.