Ulimbo si Gundi

Mwaka 2020 Jeshi la Kenya lilipokea helikopta sita za MD 530F. Mpenzi wa modeli anayeiunda ndege hiyo kwa udogo wa 1:48 mara nyingi haridhiki na plastiki ya kiwandani. Hununua vipande vya ziada, kama viti au vifaa vya chumba cha rubani, vilivyomiminwa katika kalibu za silikoni. Vimeundwa kwa kitu gani? Wapo wasemao “rezini”, wapo wasemao “gundi”. Hilo la pili nalikataa.

Nyanda za Isiolo zinatufunza tofauti ya gundi na ulimbo, yaani rezini, mtini. Mgunga hutoa gundi, nayo huyeyuka majini. Ubani na manemane vina gundi na ulimbo pamoja, na ule ulimbo wake hauyeyuki majini. Pwani tulikuwa na sandarusi, ulimbo uliosafirishwa kutoka Zanzibar hadi Salem, Marekani, karne ya 19, ukapikwa vanishi. Watoto nao hutega ndege kwa ulimbo. Neno tunalo, tena lina umri.

Basi vipande hivyo ni vya ulimbo, ulimbo wa viwandani, na gundi ibaki kuwa kitu cha kuunganishia. Fundi anavihitaji vyote viwili: gundi ya kawaida ya modeli hushika kwa kuyeyusha plastiki, lakini ulimbo haiuyeyushi, hivyo hutumia supaglu. Na ukiupiga msasa, ulowanishe kwanza na uvae barakoa. Vumbi lake hudhuru mapafu.