Uhariri wa Jeni, Si wa Nasaba

Tarehe 16 Novemba 2023 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu kwa watu wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa tiba inayotumia mkasi wa CRISPR kuruhusiwa kutoka kwenye majaribio na kuingia hospitalini. Tarehe 8 Desemba mwaka huo huo Marekani nayo ikaipitisha, pamoja na nyingine iitwayo Lyfgenia. Katika Kiswahili habari hizo zinasimuliwa kwa majina mengi: tiba ya jeni, uhariri wa jeni, uhariri wa vinasaba, ukarabati wa jeni, urekebishaji wa DNA. Majina hayo hayana maana moja. Mtu mzima mwenye selimundu, anayepanga kuoa au kuolewa na kuzaa, anaweza kukata shauri zito kwa kutegemea jina alilolisikia, na baadhi ya hayo yatampoteza njia.

Makala haya yanatetea jina moja, uhariri wa jeni, kwa sharti kwamba tuseme wazi kinachohaririwa ni nini na uhariri huo unaishia wapi.

Ugonjwa wenyewe umekwisha kupata jina. Wengi mitaani husema siko seli, na maandishi rasmi ya Tanzania yanasema selimundu, kwa sababu chembe nyekundu ya damu ya mgonjwa hujikunja mfano wa mundu wa kuvunia mpunga. Chembe ya kawaida ni ya duara na laini, na hupenya hata kwenye mishipa myembamba kabisa. Kwa mwenye selimundu, himoglobini iliyomo ndani ya chembe hushikamana na kuwa nyuzi ngumu mara tu inapoachia oksijeni. Chembe hukakamaa, huziba njia ya damu, na kuvunjika mapema: badala ya kuishi siku 120 hivi, huishi siku 10 hadi 20. Hapo ndipo panapotoka upungufu wa damu, macho ya njano na yale maumivu ya mifupa ambayo wagonjwa huyaita krisisi. Utotoni hofu kubwa ni maambukizi na kiharusi. Anayefika utu uzima huanza kuhesabu mengine: figo zinazochoka, mapafu yenye shinikizo, nyonga iliyokosa damu hadi mfupa ukafa.

Chanzo cha yote ni herufi moja. Mwaka 1956 na 1957 Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, alionyesha kwamba himoglobini ya selimundu inatofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja tu: mahali pa sita katika mnyororo wa beta, valini imekaa palipopaswa kuwa na asidi glutamiki. Baadaye ikajulikana kuwa kwenye DNA tofauti hiyo ni herufi A iliyogeuka T. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba jeni ya mgonjwa imehaririwa, wazo la kwanza ni kwamba ile T imefutwa na A ikarudishwa mahali pake. Sivyo ilivyofanyika.

Ili kuelewa kilichofanyika, inabidi kurudi mwaka 1948. Janet Watson, daktari wa watoto wa New York, aliona kwamba damu ya watoto wachanga waliorithi selimundu haikujikunja kwa wingi kama ya mama zao. Alihisi kuna kitu katika damu ya kichanga kinachomkinga. Kitu hicho ni himoglobini ya kijusi. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini isiyo na mnyororo wa beta, bali wa gama, na ile herufi yenye kosa haimo humo. Baada ya kuzaliwa, mwili huiacha taratibu na kuingia kwenye himoglobini ya utu uzima. Ndiyo maana dalili za selimundu huchelewa kwa miezi kadhaa. Jeni ya gama haiondoki. Hubaki pale pale kwenye kromosomu ya 11, jirani na jeni ya beta, ila imenyamazishwa. Wapo watu, kwa mfano mashariki mwa Saudia, ambao hata wakubwa hubaki na himoglobini ya kijusi nyingi, na selimundu yao kwa kawaida huwa na makali madogo.

Dawa iliyobadilisha maisha ya watu wazima wengi kabla ya haya yote, haidroksiyurea, hufanya kazi kwa mlango huo. Ni kidonge cha kila siku. Marekani ilikiruhusu kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998, baada ya utafiti kuonyesha kuwa krisisi hupungua karibu kwa nusu. Kidonge hicho huamsha kiasi cha himoglobini ya kijusi, nayo huzuia nyuzi ngumu kujisuka. Hakigusi herufi yoyote ya DNA ya mgonjwa kwa makusudi ya kuibadilisha, na mgonjwa akiacha kukimeza, kinga hiyo hufifia.

Kilichokosekana kilikuwa jibu la swali hili: nani anayeinyamazisha jeni ya gama? Mwaka 2008 watafiti wa Boston, wakiwemo Vijay Sankaran na Stuart Orkin, walionyesha kwamba mnyamazishaji ni protini inayotokana na jeni iitwayo BCL11A. Mnyamazishaji akipunguzwa nguvu, gama husema tena. Hapo ndipo CRISPR ilipopata kazi. CRISPR ni zana ya sehemu mbili: RNA elekezi, yenye herufi zipatazo 20 zinazolingana na mahali panapotafutwa, na protini ya Cas9 inayokata DNA mahali hapo. Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020 kwa kuibuni njia hiyo.

Katika Casgevy, Cas9 haipelekwi kwenye jeni ya beta kabisa. Inapelekwa kwenye kipande kidogo cha BCL11A kinachoiamuru jeni hiyo ifanye kazi ndani ya seli zinazokuja kuwa chembe nyekundu. Inakata. Seli huiunga DNA hiyo yenyewe haraka haraka, na katika kuunga huko herufi chache hupotea au huongezeka, kiasi kwamba amri haisomeki tena. Uharibifu huo mdogo ndio unaotakiwa. Mnyamazishaji hupungua na gama huamka. Waliotibiwa hufikia hali ya himoglobini ya kijusi kuwa asilimia 40 hivi ya himoglobini yao yote, ilhali kwa mtu mzima wa kawaida haizidi sana asilimia 1. Ile herufi T iliyoanzisha ugonjwa iko pale pale.

Ndiyo maana “ukarabati” na “urekebishaji” hayafai. Anayekarabati hurudisha kilichoharibika katika hali yake. Mhariri ana uhuru mpana zaidi: huweza kusahihisha neno, huweza kuongeza, na huweza kufuta sentensi nzima ambayo haina kosa lolote ili nyingine ipate nafasi. Casgevy ni uhariri wa kufuta. Ziko njia zinazochunguzwa maabarani za kubadili ile ile herufi yenye kosa, na hizo zitakuwa uhariri wa kusahihisha. Neno kuhariri linabeba yote mawili.

Lyfgenia ni jambo jingine. Humo virusi vilivyonyang’anywa uwezo wa kuambukiza hubeba nakala mpya ya jeni ya himoglobini, iliyotengenezwa isishikamane, na kuipachika kwenye DNA ya seli. Hakuna mahali palipolengwa na kukatwa. Hiyo ni tiba ya jeni kwa njia ya kuongeza, wala si uhariri. Basi tuweke mpaka: tiba ya jeni ni jina la jumla, na uhariri wa jeni ni aina mojawapo ndani yake. Mpaka huo una faida kwa mgonjwa, kwani hatari zinatofautiana. Lyfgenia ilipoidhinishwa Marekani ilibandikwa onyo la saratani ya damu. Casgevy haikubandikwa onyo hilo.

Linabaki shindano kati ya “jeni” na “vinasaba”. Vinasaba ni neno zuri, na Tanzania limezoeleka: kipimo cha vinasaba kila mtu anajua ni cha kutambua mtoto ni wa nani. Limejengwa juu ya nasaba, yaani ukoo na damu ya kurithishana, na kwa kazi hiyo ya kipimo halina mpinzani. Kwenye tiba hii ndipo linapoponza, maana nasaba ndiyo hasa haiguswi. Tufuate safari ya seli tuone.

Mgonjwa kwanza huongezewa damu kwa wiki kadhaa ili chembe mundu zipungue. Kisha hudungwa dawa inayozitoa seli shina, zile zinazozalisha chembe za damu, kwenye uloto na kuziingiza katika mzunguko wa damu. Hulazwa kando ya mashine. Damu hutoka kwa mrija mmoja, mashine huchuja seli shina, na damu iliyobaki hurudi kwa mrija mwingine. Wengi hulazimika kurudia zoezi hilo zaidi ya mara moja. Seli husafirishwa maabara. Huko hupigwa umeme mdogo unaofungua matundu ya muda kwenye ngozi ya seli ili CRISPR iingie. Zikishahaririwa na kupimwa hugandishwa. Kazi hiyo huweza kuchukua hadi miezi sita. Mgonjwa hulazwa na kupewa busulfani, dawa kali ya aina wanayopewa wagonjwa wa saratani, ili kuondoa seli shina za zamani na kupisha mpya. Nywele hukatika, mdomo hutoka vidonda. Ndipo mfuko wa seli zake mwenyewe huyeyushwa na kuingizwa kwa dripu kupitia mshipa, na hubaki hospitali wiki nne hadi sita akisubiri uloto uanze kuzalisha.

Katika safari yote hiyo, uhariri umefanywa nje ya mwili, kwa seli shina za damu peke yake. Mayai ya mwanamke na mbegu za mwanamume hazikuguswa. Mtu mwenye SS, yaani nakala mbili za jeni ya selimundu (S), aliyetibiwa, hata akikaa miaka bila krisisi, bado atamrithisha kila mtoto nakala moja ya S. Akizaa na mwenza wa AA, asiye na S yoyote, watoto wote watakuwa AS, wenye nakala moja ya S. Akizaa na mwenza wa AS, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kupata mtoto mwenye selimundu. Anayeambiwa kwamba vinasaba vyake vimehaririwa ana haki ya kudhani ukoo umesafishwa. Anayeambiwa kwamba jeni katika seli za uloto wake zimehaririwa ameambiwa kweli. Tena busulfani huweza kuharibu uwezo wa kuzaa, kwa hiyo suala la kuhifadhi mayai au mbegu hutakiwa kuzungumzwa kabla ya dripu ya kwanza, si baada.

Neno “kupona” nalo litumike kwa kipimo. Katika majaribio yaliyowasilishwa Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliokuwa wamefuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila krisisi kali. Ni matokeo makubwa. Lakini nyonga iliyokwisha kufa haifufuki, na figo iliyochakaa haiwi mpya. Walioshiriki wanaendelea kufuatiliwa kwa miaka 15.

Upya wa dawa pia si ithibati. Voxelotor, kidonge kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2019 kwa sifa ya kupandisha himoglobini, kiliondolewa sokoni duniani kote na Pfizer mwezi Septemba 2024, baada ya takwimu kuashiria kwamba vifo na krisisi vilizidi kwa waliokitumia. Crizanlizumab, dripu ya kila mwezi iliyopitishwa mwaka huo huo wa 2019, ilifutiwa kibali Ulaya mwaka 2023, kwa kuwa utafiti mpana haukuona ikiishinda dripu isiyo na dawa.

Kwa Afrika Mashariki, bei inaeleza mengi. Casgevy ilitangazwa Marekani kwa dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 za Tanzania kwa mtu mmoja, katika nchi ambamo hukadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Kilicho karibu zaidi ni upandikizaji wa uloto kutoka kwa ndugu anayelingana, huduma ambayo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, iliianza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Kilicho karibu kuliko vyote ni haidroksiyurea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika Angola, Kongo, Uganda na Kilifi nchini Kenya, ulionyesha kuwa watoto wa maeneo yenye malaria huitumia kwa usalama na kwa manufaa. Mtu mzima wa Tanga au Kisumu asiyekipata kidonge hicho bado hajafikiwa na tiba ya 1998, seuze ya 2023. Na kwa kuwa kidonge na mkasi vyote vinaiamsha gama ile ile, anayeelewa kimoja amekwisha kuelewa nusu ya kingine.

Kidahizo kwa ajili ya kamusi ya tiba kingeweza kusomeka hivi:

uhariri wa jeni: kukata, kufuta au kubadili herufi za DNA mahali palipolengwa ndani ya seli hai. Katika tiba ya selimundu, hufanywa kwa seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe, nje ya mwili wake. Haubadilishi atakachorithisha watoto. Ni aina mojawapo ya tiba ya jeni. Mfano: Uloto wake ulifanyiwa uhariri wa jeni, na bado mchumba wake alikwenda kupima kabla ya ndoa.