Neno Wali na Mahame ya Pemba

Kaskazini mwa kisiwa cha Pemba yapo mahame mawili yaliyo jirani. Hame la Tumbe lilikaliwa tangu karne ya 7 hata karne ya 10. La Chwaka, lenye magofu ya misikiti ya mawe, lilistawi tangu karne ya 11. Wachimbuzi waliofika huko mwanzoni mwa karne hii ya 21, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, hawakutazama kuta tu, bali walitafuta na punje zilizoungua mekoni. Sarah Walshaw alizichunguza punje hizo, na mwaka 2010 akaeleza kwamba watu wa Tumbe walitegemea zaidi uwele, mpunga ukiwapo kwa uchache. Lakini katika Chwaka mpunga ulishika nafasi ya kwanza.

Je, lugha nayo yashuhudia nini? Kwetu sisi wali ni mchele uliopikwa. Lakini Mgiriama asemapo wari akusudia sima; Mbemba husema ubwali na Mnyarwanda ubugali, nao wakusudia unga uliosongwa. Asili ya maneno haya ni moja. Katika Kiswahili sauti ya g ilidondoka, na ugali, nduguye wali, akatujia baadaye kutoka bara. Basi wali wa kale ulikuwa sima: chakula kilibadilika chunguni, jina likabaki. Neno halina tarehe, lakini punje za Tumbe na Chwaka zatuonyesha jinsi badiliko la namna hiyo lilivyopita katika mji mmoja baada ya mwingine.

Vyombo navyo vyasema hayo hayo. Chungu, kinu na mchi ni maneno ya Kibantu, na vyungu vya kupikia vilifinyangwa papa hapa. Sahani na sinia ni ya Kiarabu, na sinia latokana na Sin, yaani Uchina. Nayo mabakuli ya fahari yaliletwa kwa vyombo vya bahari kutoka Ghuba ya Uajemi na Uchina. Jiko lilikuwa la wenyeji, na meza ya karamu ilipokea vya ng'ambo.

Magofu yana walinzi wake. Lakini kinu kiachwapo kwa ajili ya mashine, kapi, wishwa na chenga hupotea vinywani mwa vijana, na pamoja nayo ushahidi usioweza kufukuliwa tena. Yatupasa kuyaandika maneno hayo maadamu watwangaji wangali hai.